Siku Faustina Aliyotaka Kukaa

Faustina wa Kihesa nimemjua kwa ajili ya visu. Kazi yangu mimi ni kunoa. Nina baiskeli ambayo ukiinyanyua gurudumu la nyuma linazungusha jiwe, na hiyo baiskeli imenitembeza Mbeya mpaka Iringa na kurudi, mwaka kwa mwaka. Nikichoka nalala Chimala kwa ndugu zangu, na kwenye milima mirefu naomba lifti kwenye malori ya mpunga. Visu viko jikoni kwa mama lishe, kwa hiyo na mimi nashinda huko. Na jikoni ndiko utakakomkuta Faustina siku ya harusi ya mtu yeyote pale Iringa, amesimama, anaongea na simu, mkono wa pili umeshika sahani ambayo siyo yake.

Alizaliwa Kilolo, kwenye ukungu na viazi. Akaja mjini msichana, akapata kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni: kufua mashuka, kupeleka maji ya moto asubuhi, kuokota soksi za watu. Kamati za harusi zilikuwa zinakuja pale kukodi vyumba, na wakishakodi, mmoja wao anamgeukia yule dada mwenye ndoo, anamwuliza, sasa hawa wageni wetu watakula wapi? Faustina akajibu. Hakujua kwamba kwa kujibu vile alikuwa ameshaajiriwa. Harusi iliyofuata wakamwuliza tena. Akaolewa na Sosthenes, fundi seremala, mtu mpole. Akamzaa Goodness. Akafiwa na Sosthenes. Miguu ikaanza kuvimba, akaacha mambo ya mashuka na kubaki na genge la mboga. Ila ile kazi ya kujibu haikumwacha. Kamati ikikaa, wakishagawana mapambo na muziki na chakula, mwenyekiti husema, "Wageni, mama Goodness." Hata hawamwulizi.

Na kweli alikuwa anajua. Watu wa Pwani alikuwa anawapeleka kwenye ukumbi wenye jiko la mkaa katikati, maana mgeni wa joto akila huku anatetemeka atasema chakula kilikuwa kibaya. Wazee wa kanisa kwa Marta, kwenye ugali wa moto, kuku wa kienyeji na mlenda, na redio imezimwa. Vijana wanaotaka kucheza baada ya ukumbi kufungwa aliwaelekeza Mlandege, sehemu mbili, akiwaonya, "Ile ya kwanza nyama nzuri lakini muziki utakutoa meno. Ile ya pili muziki mzuri, nyama usile." Aliyelewa jana ana mahali pake pa supu asubuhi, na mke aliyenuniwa naye ana mahali pake, penye kona. Mgeni akitaka ulanzi wakati wa kiangazi alimwambia ukweli, kwamba mianzi imekwisha kutoa, huo anaouziwa ni maji yaliyokumbuka ulanzi, asubiri masika au anywe soda.

Utani wa wageni, kwamba Wahehe hula mbwa, alikuwa ameshauzoea. Mgeni hakosekani atakayeinua mfupa mezani na kuuliza, "Mama, huyu alipokuwa hai alilia au alibweka?" Faustina hujibu bila kugeuka, "Kula baba, ukibweka usiku tutajua."

Lakini alikuwa amechoka. Nakumbuka siku moja nilikuwa nanoa visu vya Marta, na Marta huyu ndiye rafiki yake, mwenye hoteli ndogo ya chakula pale Kihesa. Faustina akaja akaketi kwenye gunia la mkaa, akavua viatu.

"Marta, kabati langu limejaa sare za harusi," akasema. "Vitenge vya kila rangi. Nimeshonesha vyote, nimevaa vyote. Unajua sijawahi kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Kwenye harusi. Kukaa kwenye kiti, mtu aniletee sahani, aninawishe, nile chakula kikiwa cha moto mpaka niseme basi. Zote nimekula wali wa baridi nimesimama mlangoni."

Marta akasema, "Si ukae tu. Nani kakukataza?"

"Nikikaa simu inalia."

Basi mwaka huu Goodness akachumbiwa na Aroni, kijana wa Mbeya, mwalimu mwenzake wa shule ya msingi. Faustina alipopewa habari, hakuomba gauni wala hakuomba picha. Alikwenda kwenye kamati, akawaambia, na hii nimeisikia kwa Marta, "Harusi hii mimi siyo wa wageni. Mimi ni mama wa bibi harusi. Nina kiti meza kuu, nitakikalia." Wakacheka wakapiga makofi. Wageni wakapewa kijana mmoja wa mapambo. Naye kijana wa watu, alipotuma ujumbe kwa wageni wa Mbeya, aliweka namba ambayo kamati zote huweka, namba ya Faustina.

Nilifika Iringa siku mbili kabla ya harusi, baridi ya mwezi wa sita, ile inayoingia kwenye magoti. Nilimkuta uani kwa Marta na viatu vipya ndani ya boksi, simu sikioni.

"Ndiyo mwanangu. Mkifika Ipogolo msile pale barabarani, pandeni juu mpaka Kihesa. Ndiyo, ndizi zipo. Siyo za Tukuyu, lakini zipo." Akakata, ikalia tena. "Hapana mama, hakuna mbu. Hawawezi. Baridi."

"Umesema hutapokea," Marta akamwambia.

"Hawa ni wakwe zangu. Nisipowapokea mimi watasema nini? Nawalisha jioni ya kesho hapa kwako, halafu keshokutwa nakaa."

"Utakaa?"

"Nitakaa, Marta. Nimenunua viatu."

Akaeleza mpango wake. Mkesha wa harusi wageni wa Mbeya watakula kwa Marta, na Goodness mwenyewe atatoka na jagi na karai, apige magoti, amnawishe baba mkwe wake, mzee Yotamu, mbele ya watu wote. Kwa Wahehe hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mtoto aliyelelewa utamjua kwa magoti yake. Faustina alikuwa hana ng'ombe wala gari la kuonyesha. Alikuwa na binti aliyefundishwa kunawisha.

"Nimeuliza vyote," akasema. "Nani hali kitimoto, nani Msabato, nani ana sukari. Safari hii hakuna aibu."

Wageni wakafika kesho yake jua likielekea kushuka. Basi dogo limejaa mikungu ya ndizi mpaka kwenye njia, maana watu wa kule hawaamini ndizi za mtu mwingine. Mzee Yotamu alishuka wa mwisho. Mtu mrefu, kofia ya sufu, koti zito, mkulima wa viazi kutoka Uyole, na asili yake Tukuyu. Alisalimia kwa mikono miwili. Akaonja chai, akasifu maziwa. Alipoelezwa kwamba mimi natokea Chimala aliniambia, "Basi wewe ndiye unayetuuzia mchele wenye mawe," tukacheka. Nikarudi uani kwenye jiwe langu, jirani na mlango wa jikoni, ninaona ndani na nje.

Chakula kikawekwa. Watu wakakaa. Liberatus, mdogo wake marehemu Sosthenes, ambaye ndiye angesimama kama baba, akasema maneno ya kukaribisha, marefu kidogo. Kisha Goodness akatoka chumba cha ndani. Amejifunga kitenge, kichwa kimeinama, jagi mkono wa kulia, karai mkono wa kushoto, taulo begani. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Yotamu akapiga magoti.

Mzee alikuwa anaongea na jirani yake. Aliona karai kwanza, akanyoosha mikono. Halafu akaona ni nani. Akarudisha mikono kama aliyegusa moto. Akavuta kofia mpaka puani, akainuka, akageukia ukuta, na hivyo hivyo uso ukutani akatembea ubavu ubavu mpaka mlango wa jikoni, akapita, akatoka uani. Aliketi kwenye rundo la kuni karibu yangu, anahema.

Ndani, Goodness bado amepiga magoti, maji yanatiririka kutoka kwenye jagi alilosahau kulisimamisha.

"Amemkataa," Liberatus akasema. Hakupaza sauti, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mtoto amepiga magoti, mtu anampa mgongo."

"Hajamkataa, shemeji, usiseme hivyo," akajibu mama mmoja wa Mbeya, Atuganile, dada yake mzee Yotamu. "Nyie ndio mmemleta. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani."

"Hawaonani vipi? Kesho si wanaingia ukumbi mmoja?"

"Hawaonani mpaka mzee atoe ng'ombe wa kuufungua mwiko huo. Vijana wameacha. Kaka yangu hajaacha."

Wote wakamgeukia Aroni. Aroni akasema kwa shida, "Nilijua baba ameshazoea mambo ya mjini."

"Uyole ni mji?" mtu akauliza, na hakuna aliyecheka.

Faustina alikuwa amesimama pale mlangoni anaposimama siku zote. Alikwenda akamnyanyua binti yake, akachukua jagi, akamkabidhi Marta. Akamwambia Liberatus, "Shemeji, waambie watu wale, chakula kinapoa." Kisha akaja uani. Nilitaka kuondoka, akanionyesha kwa mkono nikae.

"Baba mkwe," akasema, "tumekukosea."

"Hamjanikosea, mkwe wangu. Mmeniheshimu kwa namna yenu." Mzee alikuwa bado ameshika kofia. "Mama yangu mimi akimwona babu njiani, alikuwa anaacha njia anaingia kwenye migomba mpaka apite. Mke wangu na baba yangu vivyo hivyo. Nyumba moja, kiwanja kimoja, na hawakukutana uso. Siyo ugomvi. Kwenu heshima inakuja na jagi. Kwetu inapisha njia."

"Niliuliza nani hali nini," Faustina akasema taratibu, kama anaongea na kuni. "Sikuuliza nani haonani na nani."

"Ungejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu kujua." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Sasa huyo ng'ombe hawezi kutolewa kesho asubuhi? Hata kwa maneno?"

"Ng'ombe yupo. Lakini anatolewa nyumbani kwangu, mbele ya ndugu zangu, siyo kwenye mji wa watu. Tutafanya wakija kutusalimia."

"Na kesho?"

"Kanisani nitakaa nyuma. Nguzo ipo?"

"Ipo, kubwa."

"Basi nguzo itanitosha. Ukumbini siingii. Nikiingia mimi, itabidi yeye atoke, na harusi ni yake. Nyie kuleni, chezeni. Mimi nitakula hapa kwa huyu mama, nitarudi kulala."

Mimi nilijua Faustina anafikiri nini, maana nimekaa sana kwenye majiko ya Iringa. Baba wa bwana harusi kula peke yake hotelini, siku ya harusi ya mwanawe, kwenye mji wa wakwe! Liberatus asingeweza kumshika mkono; yeye ndiye atakayemwingiza bibi harusi. Mwenye nyumba mwingine hayupo. Sosthenes yuko makaburini Mtwivila.

"Hutakula peke yako," akasema. "Nitakula na wewe."

Alisema upesi, kama anavyosema siku zote. Ndani ya jikoni Marta akafunika sufuria kwa kishindo.

Mzee akaridhika, akasema ndaga, ndiyo ahsante ya kwao, akarudi kwa ndugu zake kwa mlango wa nje baada ya kuhakikishiwa kwamba Goodness ameshapelekwa nyumbani. Marta akatoka.

"Na kiti, mama Goodness?"

"Kiti hakikimbii."

"Kesho kitakimbia."

"Marta, niache. Nimechoka kujibu."

Alikaa pale kwenye ndoo mpaka wageni wakamaliza kula. Hakuomba sahani, na safari hii hakuna aliyekumbuka kumletea hata huo wali wa baridi. Mimi nilimmenyea kiazi kilichokuwa kwenye majivu. Akakila bila kuangalia ni nini.

Siku ya harusi sikwenda kanisani. Visu vya ukumbini vililetwa kwa Marta, nikawa navyo tangu asubuhi. Mchana umeshaegemea tukasikia honi na matarumbeta yanapanda kutoka mjini, yakapita, yakaingia ukumbini, ambao uko juu kidogo ya barabara ile ile. Muda si mrefu wakaja wawili kwa miguu: mzee Yotamu na koti lake, na Faustina. Amevaa gauni la rangi ya zambarau, kilemba, na vile viatu vipya, na anatembea kama aliyekanyaga mahindi.

"Mkamwana wako ni mzuri," Marta akamtania mzee huku akiweka meza.

"Nimeona mgongo," mzee akasema. "Mgongo ni mzuri."

Wakakaa. Marta akaleta kuku, ndizi zile zilizokuja na basi, ugali mdogo pembeni. Faustina mwenyewe akainuka akachukua jagi amnawishe mgeni. Akakaa. Simu ikalia.

"Ndiyo baba. Choo kiko nyuma ya jukwaa." Akamega ugali. Ikalia. "Hapana mwanangu, baada ya ukumbi ndiyo mwende Mlandege, siyo sasa. Ile ya pili." Akauchovya. Ikalia. "Soda za moto? Mwambie kijana wa mapambo, kuna watu hawanywi baridi, hasa yule mama mwenye kifua." Tonge likawa bado liko mkononi, limeanza kukauka.

Mzee Yotamu alikuwa anatafuna taratibu, anamtazama.

"Hao wote ni wageni?"

"Ndiyo, baba mkwe."

"Na mimi ni mgeni?"

"Tena mkubwa."

"Basi mimi mgeni mkubwa naona hujameza kitu tangu tumekaa."

Faustina akatabasamu kidogo. Kutoka ukumbini sauti ya mshereheshaji ilikuwa inafika kwa upepo, ikienda ikirudi. Tukasikia akiita wazazi wa pande zote mbili. Faustina akainama kwenye sahani.

Hapo Marta akashindwa. "Mzee, nikuambie kitu, na huyu akinuna anune. Huyu mama amehangaikia harusi za mji huu mzima na hajawahi kukaa kwenye hata moja. Ya leo alisema atakaa. Amenunua mpaka viatu."

"Marta."

"Si umevinunua?"

Mzee aliweka mfupa chini. Akanawa vidole kwenye bakuli, kimoja kimoja. "Kiti chako kiko wapi?"

"Meza kuu. Kulia kwa Liberatus. Lakini siwezi kukuacha, baba mkwe. Mkwe hali peke yake."

"Peke yangu kwani? Huyu hapa mzee wa visu."

"Huyu siyo ndugu."

"Wewe una kaka?"

"Sina. Tulizaliwa wasichana watupu."

"Sasa unaye." Akanigeukia. "Wewe, mtu wa mchele wenye mawe. Unaweza kuwa kaka yake mkubwa, wa kutoka Kilolo, mpaka jua lizame?"

Nikasema naweza. Nilikuwa na mikono yote ya mafuta ya visu, nikanawa. Nilivuta kiti cha upande wa pili, nikakaa mbele ya sahani ya Faustina.

Yeye alikuwa ameshainuka, anatuangalia mmoja mmoja, anatafuta kosa kwenye mpango. Najua ile sura. Ni sura ya mtu aliyebeba mzigo mpaka shingo imekataa kunyooka. "Mtasema nini Liberatus akija?"

"Tutasema tunakula," mzee akasema. "Nenda, mkwe wangu. Nilikuja Iringa kumwoza mwanangu, sikuja kuchungwa."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka. Hakukimbia. Alipanda ile barabara na soksi zake, kando, kwenye vumbi laini, akapumzika mara moja ameshika nguzo ya umeme, akapotea kwenye kona.

Tulipogeuka tukaona simu iko mezani, karibu na chumvi.

"Amesahau," nikasema.

"Huenda," Marta akasema.

Ikalia. Tukaitazama wote watatu. Ikanyamaza, ikalia tena, inatembea tembea yenyewe kwenye meza kuelekea kwenye pilipili. Mzee Yotamu akasema, "Wewe ndiye kaka," nikapokea.

Alikuwa kijana wa Mbeya. "Mama, ile sehemu ya kwanza na ya pili nimechanganya. Muziki mzuri ni wapi?"

"Ya pili," nikasema. "Lakini nyama usile."

"Wewe nani?"

"Kaka yake."

Akashukuru. Ikalia tena. Mama mmoja anauliza kama asubuhi atapata uji wa ulezi kabla ya basi kuondoka. Nikamwuliza Marta, Marta akasema aje kwake. Mwingine anataka mahali ambapo wazee wanaweza kukaa wakanywa kidogo bila kelele. Hapo mzee Yotamu akaomba simu, akaishika mbali na sikio, akasema kwa sauti kubwa, "Ezekia, ni wewe? Nendeni mkalale." Akanirudishia.

Kisha akapiga Liberatus, anahema. "Shemeji, uko wapi? Keki inakatwa! Mtoto anauliza mama yuko wapi, kiti kitupu watu wanaona!"

"Amekuja huko," nikasema. "Angalia mlangoni."

"Nani wewe?"

"Kaka yake wa Kilolo."

"Faustina hana kaka."

"Anaye, tangu mchana."

Nikasikia kelele za ukumbi, matarumbeta, mtu anasema pisha pisha. Halafu Liberatus, sauti yake imeshuka, "Aa. Huyu hapa. Mbona ameshika viatu?" Akakata.

Mzee alivuta kuku karibu, akanikatia paja, tukala. Alinieleza habari za viazi vya Uyole na bei ya mbolea, nami nikamweleza ni jiko gani la Mbeya lina visu vibaya kuliko yote. Simu iliendelea. Nilijibu nilichokijua. Nisichokijua nilisema nenda kwa Marta, na Marta akaanza kunikasirikia.

Jua lilipokaribia milimani nilisema nimpelekee chombo chake, maana kukaa na simu ya mtu nako ni mzigo. Nikapanda mpaka ukumbini, nikasimama pale mlangoni, pale pale anaposimama yeye. Watu walikuwa wamesimama wote, wanakwenda kwa mstari na zawadi, wanacheza, mama Atuganile yuko mbele na kanga kichwani. Ilibidi nisogee pembeni ndiyo nikamwona.

Alikuwa kwenye kiti. Kilemba kimelegea, viatu viko juu ya kitambaa cha meza kama ua la mapambo, na miguu sikuiona, nadhani ilikuwa imenyooshwa chini ya meza. Msichana mmoja wa kamati alikuwa amepiga magoti pembeni, anammiminia maji mikononi. Faustina hakupiga makofi na muziki, hakuimba, hata sijui kama alikuwa anaona keki. Alinawa polepole, mpaka viganja, mpaka vifundo, akafutwa kwa taulo. Sahani ikaja inatoa moshi. Akaanza kula, macho nusu yamefungwa.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nikaibana kwa mkono isisikike, nikashuka.

Mzee Yotamu alikuwa amejifunika koti, anaota moto wa Marta. "Umempa?"

"Sijampa."

"Amekaa?"

"Amekaa."

Simu ikaanza tena kulia. Mzee akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi karibu na moto.

"Basi pokea," akasema. "Uliza wanataka kula nini."